David Livingstone: Daktari Aliyebebwa na Wenyeji



Wengi wenu mnaijua safari ya kwenda Kigali na karatasi ya hospitali mkononi. Mgonjwa anapandishwa gari asubuhi na mapema, anashushwa katika mji asioujua, analazwa katika chumba cha watu wengi. Huko chakula cha mgonjwa huletwa na watu wa nyumbani kwake. Asiye na mtu wa kumuuguza hulala akisikia harufu ya uji wa wenzake.

Mama mmoja wa kanisa letu alikaa huko wiki tatu. Aliporudi tulikwenda kumwona, tukidhani atatusimulia maumivu ya kupasuliwa. Hayo hakuyataja sana. Alilotuambia kwa sauti ya chini ni kwamba kwa wiki zote tatu alikula katika sufuria ya mama wa kitanda cha pili, Mnyarwanda ambaye hawakuwa na lugha ya kuelewana vizuri. Alituomba tusilitangaze kanisani, maana aliona haya. Baadaye aliturusu kuliandika hapa bila kutaja jina lake.

Kwa ajili ya haya hiyo tumeona vema safari hii tuwaletee maisha ya David Livingstone. Watu wengi wanamjua kama mtu aliyekuja Afrika kutoa: kutoa dawa, kutoa Injili, kutoa habari za nchi hizi kwa watu wa Ulaya. Lakini ukiyafuata maisha yake polepole utaona jambo jingine. Daktari huyu aliugua mara nyingi sana akiwa mgeni, na kila mara kulikuwa na mtu wa nchi ile, au mgeni mwenzake, aliyemlisha, aliyemlaza na aliyembeba.

KIJANA WA KIWANDA CHA PAMBA

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, akifanya kazi mchana kutwa na kusoma usiku. Alisomea udaktari Glasgow, akahitimu 1840, kisha shirika la misioni la London likamtuma Afrika ya Kusini, akafika mwanzoni mwa 1841.

Mwaka 1844, akiwa Mabotsa, alikwenda na wanakijiji kuwinda simba waliokuwa wakila mifugo. Simba mmoja alimrukia, akamuuma bega la kushoto na kuuvunja mfupa wa mkono. Mwalimu mwenyeji aitwaye Mebalwe ndiye aliyeinua bunduki ili kumwokoa. Simba akamwacha Livingstone, akamrukia Mebalwe na kumuuma pajani, kabla ya kuanguka kwa risasi alizokwisha kupigwa. Mfupa ule haukuunga vizuri kamwe. Tafadhali likumbukeni jeraha hili, tutalirudia mwishoni.

Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Hapa hatuna budi kusema ukweli, maana hatuandiki habari za malaika. Livingstone aliiacha familia yake kwa miaka mingi, na mke na watoto walipata taabu Uingereza bila baba. Mary alipomfuata tena Afrika, alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862. Sisi tuliotenganishwa na jamaa zetu kwa nguvu tunajua uzito wa jambo hilo.

KITANDA CHA LUANDA

Mnamo Novemba 1853 Livingstone aliondoka Linyanti, katikati ya kusini mwa Afrika, akielekea pwani ya magharibi. Hakuwa na mali ya kutosha. Chifu Sekeletu wa Wakololo alimpa watu 27, akampa ng'ombe na pembe za ndovu. Njiani homa ilimpiga mara kwa mara, akakonda, akaharisha damu. Siku nyingine aliketi juu ya ng'ombe wake kwa shida, kichwa kikizunguka.

Walipovuka mto Kwango mwezi wa Aprili 1854, njaa ikiwa imewashika, walipokelewa na askari mmoja wa Kireno mwenye damu mchanganyiko, jina lake Cypriano. Aliwachinjia ng'ombe. Wanawake wa nyumba yake walitengeneza unga wa muhogo ili wageni wapate posho ya njiani. Malipo hakuyataja.

Tarehe 31 Mei 1854 waliingia Luanda. Daktari alikuwa mgonjwa kabisa, na katika mji ule wa watu maelfu alimtegemea Mwingereza mmoja tu, Edmund Gabriel, aliyewekwa huko kuzuia biashara ya watumwa. Gabriel alipomwona katika hali ile alimpa kitanda chake mwenyewe. Livingstone alikuwa amelala chini kwa miezi sita. Askofu Mkatoliki wa Angola, aliyeshika wakati huo nafasi ya gavana, naye alituma watu kumsalimu na kumpa msaada, ijapokuwa Livingstone alikuwa Mprotestanti. Daktari wa manowari ya Kiingereza akamtibu.

Maofisa wa manowari walimshauri arudi kwao Uingereza apone. Ingekuwa rahisi. Lakini wale watu 27 wangerudi vipi kwao? Walikuwa wamemleta akiwa mgonjwa katika nchi wasiyoijua, na sasa walikuwa wakichanja kuni za kuuza na kupakua makaa ya mawe melini ili wapate chakula. Livingstone alikataa meli. Septemba 1854 aligeuka nao, akawarudisha Linyanti mwaka uliofuata. Aliyebebwa alijua kwamba naye ana deni.

SANDUKU LA DAWA LINAPOTEA

Safari yake ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu ilipita katika nchi zetu. Alitoka Zanzibar Machi 1866, akaingia bara kwa njia ya mto Ruvuma. Alitaka kujua chanzo cha mto Nile, na alitaka dunia ijue ubaya wa biashara ya watumwa.

Mnamo Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na mzigo. Ndani yake mlikuwa na sanduku la dawa. Tangu siku ile daktari hakuwa na dawa. Yeye aliyekuwa amezoea kutibu watu alibaki kama mgonjwa yeyote wa kijijini. Aliona moyoni kwamba hiyo ilikuwa kama hukumu ya kifo.

Mwanzoni mwa 1869, akiwa njiani kwenda Ujiji, mapafu yalimshika. Alikohoa usiku na mchana, akatema damu, akashindwa kutembea. Aliyekuwa naye katika msafara ni mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Mohamad Bogharib. Mtu huyu alimtengenezea machela, yaani kitanda cha kubebea mgonjwa, kile ambacho wenyeji wa Rwanda wanakiita ingobyi. Akampa dawa alizokuwa nazo, akampa chakula, akaagiza watu wambebe kwa zamu. Njia ilikuwa mbaya na jua lilimchoma usoni, lakini walimfikisha ziwani. Wakavuka kwa mtumbwi, na tarehe 14 Machi 1869 akafika Ujiji, karibu na Kigoma, upande uleule ambako ndugu zetu wengi wa Uvira na Fizi walivuka kukimbilia mwaka 1996.

Sasa tusimame kidogo hapa. Bogharib alikuwa nani? Alifanya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Ni biashara ileile ambayo Livingstone alikuwa amekuja kuipinga. Mkono uliompa uji ndio mkono ulionunua watu. Angefanya nini? Kukataa machela kungekuwa kufa porini. Alipanda machela, akapona, akamshukuru Bogharib kwa wema wake katika daftari zake. Na katika daftari hizohizo hakuacha kuandika habari za minyororo aliyoiona.

KABAMBARE NA NYANGWE

Julai 1869 alivuka tena ziwa, akaingia Manyema, nchi ambayo leo ni Maniema ya Kongo. Alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwezi wa Septemba. Mwaka uliofuata alitoka huko kwenda mbele, lakini miguu ikamwota vidonda vibaya. Alirudi Kabambare Julai 1870 na kukaa ndani ya nyumba kwa miezi, asiweze kukanyaga chini. Jiwe la kijani la shaba, lililosagwa na kuchanganywa na maji kisha kupakwa kwa unyoya, ndilo lililompa nafuu. Bogharib alimsaidia tena. Katika muda wake huko Manyema aliisoma Biblia yote mara nne.

Alitoka Kabambare Februari 1871, akafika Nyangwe kwenye mto Lualaba mwishoni mwa Machi. Alipenda kuketi sokoni, akiwatazama akina mama wakiuza samaki, mihogo na vyungu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliingia katika soko lile na bunduki. Walipiga risasi akina mama waliokuwa wakikimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba watu kati ya 330 na 400 walikufa siku ile, wengi wao kwa kuzama mtoni. Wapendwa, wengine kati yetu tumeliona soko likivamiwa. Hatuhitaji kuelezwa.

Livingstone hakuweza kukaa tena na watu wale. Aliondoka Nyangwe, akatembea mamia ya kilomita akiwa mgonjwa, na maandishi yake juu ya siku ile yalipofika Uingereza yaliwatikisa wengi. Mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, yapata mwezi mmoja baada ya kifo chake, naye hakupata kuusikia.

UJIJI NA MTO RUZIZI

Alifika Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871, amekonda kama mifupa. Mali aliyoitegemea ilikuwa imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Alikuwa mzee, mgonjwa, akiwa na bidhaa chache tu za kununulia unga. Ndipo Mwarabu mwingine, Said bin Majid, alimjia faraghani, akamwambia kwamba hana bidhaa lakini ana pembe, naye yuko tayari kuziuza ili ampe thamani yake. Livingstone alimshukuru sana, akasema asubiri kwanza. Kabla haijawa lazima, Henry Stanley alifika na msafara wake uliobeba chakula na dawa.

Mwezi wa Novemba wote wawili walikwenda kwa mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, upande ambao leo kuna Bujumbura na Uvira. Huko walithibitisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Maji yale yanatoka Ziwa Kivu, ambalo Rwanda na Kongo wanashirikiana. Kigali haikuwa mji bado. Ilianzishwa mwaka 1907. Katika safari zao Stanley naye aliugua homa mara nyingi, na sasa aliyemtunza ni Livingstone. Aliyelazwa juzi aliketi leo kando ya kitanda cha mwenzake.

KIJIJI CHA CHITAMBO

Stanley aliporudi kwao, Livingstone alibaki Tabora akingoja wapagazi, akaondoka Agosti 1872 kuelekea kusini. Mvua ilikuwa nyingi, njia ilikuwa ya matope karibu na Ziwa Bangweulu, naye alikuwa akitokwa na damu. Mwezi wa Aprili 1873 hakuweza tena kutembea. Watu wake, Susi na Chuma wakiwa mbele, walimbeba katika machela hadi kijiji cha Chifu Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walimjengea kibanda. Chitambo alikuja kumjulia hali, lakini mgonjwa hakuwa na nguvu ya kuzungumza. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Watu wake waliogopa. Katika sehemu nyingi mgeni kufia kijijini lilikuwa jambo la kutozwa faini kubwa, hata kufukuzwa. Wakaficha habari ile. Lakini Chitambo alipata kujua. Akawauliza kwa nini hawakumwambia. Kisha akawaeleza kwamba wasiogope, maana yeye mwenyewe amewahi kusafiri mpaka pwani, anajua jinsi wasafiri wanavyokufa njiani. Aliwaruhusu kuutengeneza mwili kwa safari. Akaja na wake zake na watu wake, wakaomboleza kwa ngoma na nyimbo za kwao, kama wanavyomwombolezea mtu wao.

Tunaomba mlishike hilo. Chifu huyu hakusoma shule yoyote ya ukarimu. Alikuwa amepata kuwa mgeni, basi.

Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari Zanzibar, aliutoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright alisoma ibada ya mazishi na kuchonga maneno juu ya mti. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaubeba. Walipofika Tabora, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike pale. Walikataa. Walipoona kwamba njiani watu hawataki maiti ipite, waliufunga kama mtumba wa kitambaa. Walitembea zaidi ya kilomita 1,500 kwa muda wa miezi tisa hivi, wakafika Bagamoyo Februari 1874, ambako mapadre wa misioni waliupokea mwili.

Huko Uingereza madaktari walitaka uhakika kwamba ni yeye. Wakautazama mfupa wa mkono wa kushoto, ule uliovunjwa na simba siku Mebalwe alipoinua bunduki. Wakamtambua. Alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874, naye Jacob Wainwright alikuwepo.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kupokea si aibu. Daktari aliyehitimu Glasgow alilala katika kitanda cha Gabriel, alikula unga wa nyumba ya Cypriano, alibebwa na watu wa Bogharib. Bila hao tusingekuwa na habari zake. Bwana wetu mwenyewe katika Mathayo 25 alijihesabu pamoja na mgonjwa na mgeni, si pamoja na mwenye nyumba. Kwa hiyo mgonjwa anayekula katika sufuria ya jirani hajapungukiwa na heshima yake.

Pili, hatuchagui mkono utakaotubeba. Hili ni gumu, nasi tunaliandika tukijua ugumu wake. Wako kati yetu waliofichwa siku ya kukimbia na jirani wa kabila la wale waliokuwa wakiwatafuta. Wako waliopewa maji na askari ambaye wenzake walichoma kijiji. Wengine wameficha wema ule moyoni kwa miaka, wakiogopa kwamba wakiusema wataonekana wamesahau wafu wao. Livingstone hakufanya hivyo. Aliandika wema wa Bogharib, na akaandika damu ya Nyangwe. Hakufuta ukurasa mmoja kwa ajili ya mwingine. Shukrani haifungi kinywa cha ushuhuda, wala ushuhuda haufuti shukrani.

Tatu, aliyebebwa hubeba. Katika vilima vya Rwanda majirani walikuwa na desturi ya kuungana katika vikundi vya ingobyi, ili mtu wa kilima akiugua apate mabega ya kumfikisha kwa waganga. Kila aliyebeba alijua kwamba zamu yake ya kubebwa inaweza kuja. Kambini tunafika watu wapya bado. Wengine wanafika na homa, wengine na mimba, wengine na mtoto asiyenyonya vizuri. Hawajui foleni ya maji ilipo, hawajui mlango wa zahanati. Nani atawaelewa upesi kuliko sisi? Chitambo alimwelewa mgeni kwa sababu miguu yake ilijua njia ya pwani. Miguu yetu nayo inaijua njia.

Tuliporudi kumwona yule mama, tulimsimulia habari za Chitambo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha aliinuka, akamtuma binti yake apeleke bakuli la sombe kwa familia iliyofika wiki ile katika nyumba ya tatu kutoka kwake. Tulipoaga alituomba jambo moja: safari ijayo ya wagonjwa Kigali, na yeye awekwe katika orodha ya wanaokwenda kuuguza wasio na mtu.

Wenye nafasi wajiandikishe kwa wazee wa kanisa baada ya ibada. Bwana awabariki nyote.